Jerikeni ya Njano na Jiwe la Luzira

Siku moja kabla ya kukimbia, kazi yangu ilikuwa kufukuza kunguru.

Nilikuwa na miaka saba. Tuliishi upande wa Kongo wa Ziwa Albert, katika kijiji cha wavuvi ambacho nyumba zake zilibanana kati ya mlima na maji. Mama alikuwa ameanika muziri, vile visamaki vyembamba visivyozidi kidole, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Mimi nilipewa ufito nikae hapo kunguru wasitue. Mdogo wangu Jeremi, mwenye miaka mitatu, alikuwa msaidizi wangu, na msaada wake ulikuwa kula. Anaokota kimoja, anakivunja kichwa, anatafuna huku ananiangalia. Nikimkemea, ananitia na mimi kimoja mdomoni ili kosa liwe letu wote.

Baba alikuwa ameketi juu ya boti iliyopinduliwa mchangani akishona wavu. Mama alikuwa na mimba changa, anapiga miayo kutwa nzima, na Baba akamtania kwamba aliyemo humo tumboni atakuwa mlinzi wa benki, maana ameshaanza kulala kazini. Mama akamrushia ganda la muhogo. Likampata sikioni.

Hiyo ndiyo siku yote. Ningejua kwamba nitakuja kuihitaji, ningeiangalia vizuri zaidi.

Naandika haya kwa sababu ya fomu. Ni karatasi moja tu, iko chini ya godoro langu, na inatakiwa irudi Luzira kabla ya Ijumaa kuisha. Leo ni Jumanne. Mama amesema haendi, na sisi hatuendi.

Sasa nina miaka kumi na sita. Tunaishi Kisugu, mtaa wa jiji kuu la nchi tuliyokimbilia, chumba kimoja chenye pazia katikati. Mama anabeba vitenge kichwani, anavitembeza ofisi kwa ofisi mpaka Kabalagala. Mimi nasoma kidato cha tatu, na ukiwauliza wenzangu darasani Mave ni nani, watakwambia ni yule Mkongo asiyesema. Ni kweli. Mwalimu akiniita, jibu ninalo, ila sauti inakwama hapa chini ya koo kama mlango uliovimba kwa mvua. Somo pekee ninalopigiwa makofi ni Kiswahili, ambalo wenzangu wanaliogopa kwa kuwa makwao waliambiwa hiyo ni lugha ya askari na ya wezi. Nalo napigiwa makofi ya kuandika, si ya kusema. Ndiyo maana nina daftari hili.

Mdogo wangu wa kike ana miaka minane na hana shida hiyo hata kidogo. Jina lake ni Afande. Si la utani, limeandikwa kwenye kadi ya kliniki na kwenye rejista ya shule. Mama alipokuwa na mimba yake aliapa kwamba atakayezaliwa, awe wa kike awe wa kiume, atachukua jina la askari aliyetuokoa ziwani. Na kwa kuwa jina lenyewe hatukulijua, tulisikia tu wenzake wakimwita afande kama askari wanavyomwita yeyote mwenye cheo, basi ikawa hivyo. Akatoka msichana. Walimu wanampigia saluti asubuhi, naye anaijibu kwa uzito wote, kisha anawaambia waendelee na kazi.

Jina hilo ndilo lililotuletea Sajenti.

Sajenti ni Mzee Ramadhani, Mnubi, mwanamaji mstaafu anayetengeneza pikipiki karibu na bomba letu la maji. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye foleni pale bombani, na yule mama mwenye bomba akapaza sauti: "Afande! Sogeza jerikeni yako! Na hapana piga kerere!" Sajenti alikuwa amelala chini ya pikipiki. Akaruka wima, akajigonga kichwa, akatazama kulia na kushoto. Mdogo wangu akajitokeza na kandambili zake zisizofanana.

"Wewe ndiyo afande?"

"Ndiyo."

"Afande ya wapi?"

"Ya Kisugu."

Foleni nzima ikacheka. Sajenti akapiga saluti, mkono mweusi kwa grisi. "Mimi nilitumikia jeshi mpaka mvi, natoka na sajenti tu. Wewe hata begi ya shule inakushinda, uko afande. Nani alikupatia hiyo cheo?"

Afande akamsimulia, palepale, kwa sauti ya foleni nzima kusikia, kama Mama anavyotusimulia: boti ya wavuvi, ziwa limechafuka, askari aliyeninyanyua mimi kwa jerikeni niliyofungwa mgongoni, akavua koti lake la kuelea akamrushia Mama, akaruka majini bila kitu, akazama. Kicheko cha Sajenti kikashuka kidogo kidogo. Alipomaliza, mzee akanigeukia mimi.

"Wewe mkubwa. Mlifikia wapi?"

"Sebagoro."

"Boti iligeuka asubuhi? Askari walikuwa na boti ya rangi ya majivu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akakaa juu ya tairi. "Huyo ni Okot," alisema. "Koplo Okot. Tulikuwa tunalala hema moja."

Nilibeba jerikeni mpaka nyumbani bila kuhisi uzito wake. Miaka tisa nilikuwa namwombea mtu asiye na jina, nikisema tu, Mungu, yule wako, unamjua. Siku hiyo nilimwombea Okot. Niliogopa hata kulitamka kwa nguvu, kama kitu cha kuazima.

Baada ya siku chache Sajenti alituambia habari ya jiwe. Liko Luzira, ndani ya kambi ya wanamaji, ukingoni mwa maji kabisa, na juu yake yamechongwa majina ya wanamaji waliofia majini. Mara moja kwa mwaka lango linafunguliwa kwa familia. Mama yake Okot hupanda basi kutoka Kitgum kila mwaka, kwa sababu mwanawe hakuonekana tena, na jiwe hilo ndilo kaburi pekee alilonalo. Mwaka huu siku hiyo ni Jumamosi hii. Sajenti akaleta fomu. Jina la kila mgeni, umri, namba ya kitambulisho, halafu mstari wa mwisho: Uhusiano na marehemu.

"Andika ndugu," Sajenti alisema. "Nani atauliza?"

Nilimwelewa, alitaka kutusaidia. Lakini sikutaka kupita langoni kwa uongo nikaenda kumshukuru mtu aliyekufa. Nikaiacha nafasi hiyo wazi.

Mama aliisoma fomu amesimama. Alipomaliza aliikunja mara nne.

"Miye siendi."

"Mama, twende tumwambie asante."

"Asante yangu Mungu anaijua." Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Mama yake atakuwako?"

"Anakuja kila mwaka."

"Basi siendi kabisa."

Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mama ni mtu wa asante. Anamshukuru mlinzi aliyemfukuza kwenye lango la ofisi, kwa kuwa alimfukuza kwa adabu. Kuna mama mmoja kule Sebagoro aliyetupa uji siku tulipofika, uji wa mahindi katika kikombe cha kijani ambacho mshikio wake umevunjika, na hadi leo kila Krismasi Mama anampelekea kitenge kwa dereva wa lori. Mtu wa namna hiyo anawezaje kukataa asante iliyo kubwa kuliko zote?

Nitaandika ile asubuhi, niione mwenyewe kama kuna kitu nilikiruka.

Milio ilianza juu mlimani kulipokuwa kunapambazuka. Kunguru wote waliruka kwa pamoja. Halafu tukaona moshi, nyumba za juu kwanza, kisha za katikati, unateremka kama mtu anayeshuka ngazi bila haraka. Sitaandika waliotuvamia walikuwa akina nani. Nilikuwa mtoto. Niliona panga na moshi, sikuona kabila.

Baba alichukua jerikeni mbili za petroli, akazimwaga, akazifunga vifuniko. Moja akaifunga mgongoni kwa Jeremi, nyingine mgongoni kwangu, kwa kamba ya nyavu. Alitumia fundo la wavuvi, lile ambalo likilowa linajikaza. Harufu ya petroli ilinipanda puani mpaka macho yakatoa machozi. Jeremi alilia kwamba kamba inamfinya. Baba akamwambia, "Leo wewe ni samaki mkubwa. Samaki mkubwa halii."

Wanaume walisema wanawake na watoto kwanza. Baba aliisukuma boti mpaka maji yakamfika kifuani.

"Nitakuja na boti ya pili," alisema.

Boti ya pili haikuwapo. Habari za Baba tulizipata katika kambi ya wakimbizi baada ya wiki tatu, kutoka kwa mtu aliyemzika.

Ziwa Albert, ukiwa ufukweni, milima ya upande wa pili inaonekana karibu. Ukiwa katikati, haiji. Injini ilizimika jua lilipopanda. Upepo ukaongezeka. Maji yakaanza kuingia, tukayakomba kwa mabeseni, kwa sufuria, kwa kiatu. Bibi mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, mstari mmoja huohuo, kwa sababu mingine ameisahau.

Halafu boti ya rangi ya majivu ikaja.

Askari walipaza sauti tangu mbali: "Kaa chini! Kaa chini! Watoto kwanza!"

Tulikuwa tumekaa chini tangu alfajiri. Lakini tuliposikia neno watoto, kila mama alisimama.

Mimi nilikuwa ukingoni. Mkono wa askari mmoja ulishika mshikio wa jerikeni mgongoni kwangu, ukaninyanyua kama mzigo. Nilining'inia. Nikauona uso wake karibu. Alinukia sabuni ya kufulia. Alinishusha ndani ya boti yao, akakamatisha vidole vyangu kwenye bomba la chuma.

"Shika hapa," alisema. "Hapana achia."

Sikuachia.

Nyuma yangu boti yetu ikapinduka.

Nilichokiona baada ya hapo nilikiona mimi, na sijamwambia mtu yeyote. Siku hiyo ufukweni Mama alimshika kila mtu mabega akiuliza, "Nani alimwona Jeremi? Nani alimwona?" Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Sauti haikutoka. Haikutoka siku hiyo wala miezi minne iliyofuata, na iliporudi, yeye alikuwa ameacha kuuliza. Nikaogopa kwamba nikisema sasa ataniuliza kwa nini sikusema mapema. Kadiri miaka ilivyopita, neno lile lilizidi kuwa zito. Hata hapa kwenye daftari mkono unasita.

Jumatano nilirudi shule nikamkuta Mama ameketi sakafuni, jerikeni iko mapajani. Ni ileile. Tunaitumia kuchotea maji kila siku. Rangi ya njano imepauka, harufu ya petroli ilishaisha zamani, lakini kamba ya Baba bado iko kwenye mshikio, na fundo lake halijafunguliwa tangu lilipofungwa. Tulipookolewa askari waliikata kamba mbele, kifuani kwangu. Fundo likabaki.

Alianza kusema kabla sijavua begi.

"La Jeremi nilifunguaka miye."

Sikuelewa.

"Askari walisema watoto kwanza. Nikaona ile jerikeni itawazuia, hawatamshika vizuri. Nikamfungua, Mave. Kwa meno, maana lilikuwa limelowa. Nilimalizaka tu kufungua, boti ikageuka." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Wewe walikushika na jerikeni yako. Yeye hakuelea. Na yule kijana aliingia majini sababu miye niliita, mutoto wangu, mutoto wangu. Kama ningeiacha kamba ya baba yako, wangekuwako wote wawili. Sasa nimwangalie mama yake na macho gani? Nimwambie asante? Asante ya nini, ya kuniua mtoto wake?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa tayari, lilikuwa limekaa mdomoni. Nilifungua kinywa, kikatoka kikohozi. Mama akadhani nina mafua, akaenda kunichemshia maji ya tangawizi, na mimi nikayanywa huku najichukia.

Alhamisi saa kumi tulikwenda kwa Sajenti, sote watatu, kurudisha fomu tupu. Mama alisema kukataa kwa kutuma mtoto ni utovu wa adabu. Sajenti akamwona, akasimama wima.

"Mama Afande! Mimi sajenti tu, nasalimu wewe kwanza."

"Sajenti, asante sana kwa yote," Mama alisema. "Lakini hatutaenda."

Akamkabidhi karatasi. Sajenti hakuipokea. Alijikuna kisogo. "Sasa, mama, kuna shida. Mimi nilishasema kwa mama ya Okot kwamba iko watu. Amesema atapiga simu leo. Anataka kusikia huyo toto."

"Toto gani?"

"Hiyo ya jerikeni."

Simu ikalia juu ya boksi la spana, kana kwamba ilikuwa inasubiri kutajwa. Sajenti akaipokea, akaifungulia spika kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, akaishika mbele yangu. Mama alirudi nyuma hatua mbili, akitikisa kichwa.

Ilikuwa sauti ya bibi, na nyuma yake kuku. "Nani anaongea?"

Sikuweza.

"Sajenti, simu imekufa?"

"Haikufa, mama. Toto anaogopa."

"Mwambie mimi siumi. Meno iliisha zamani."

Afande alicheka. Nadhani ni kicheko hicho kilichoniachia koo kidogo. "Shikamoo mama," nilisema. "Mimi ni Mave. Yule wa jerikeni."

Kuku waliendelea.

"Wewe uliona yeye? Na macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi nauliza kitu moja tu. Wakubwa walinipatia bendera. Walinipatia barua. Barua ilisema alizama akiwa kazini, haikusema ingine. Kila mwaka nasimama hapo kwa jiwe najiuliza." Akavuta pumzi. "Mwanangu alikuwa peke yake ndani ya maji?"

Nilimtazama Mama. Nilikuwa nimesimama mahali palepale tena, miaka tisa baadaye, mtu anauliza nani alimwona na mimi niko pembeni.

"Hapana, mama," nilisema. "Hakuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wangu."

Sauti ilikuwa yangu lakini kubwa. Sajenti mwenyewe aligeuka.

"Alivua koti lake akamrushia Mama. Halafu akaruka na viatu vyake. Akaogelea mpaka kwa Jeremi, akamfikia. Alimfikia akiwa bado juu ya maji. Alimpandisha shingoni, hivi, kama mtu anayembeba mtoto kwenda sokoni. Jeremi alimshika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameacha kulia. Yule askari alikuwa anamwambia kitu, niliona mdomo wake, sikusikia. Walikuwa wanakuja upande wetu. Kisha wimbi likainua ile boti iliyopinduka, likaileta juu yao."

Nikaisogelea simu.

"Sikuwaona tena. Lakini walikwenda pamoja, mama. Hakumwachia."

Nilimsikia Mama nyuma yangu.

"Alimfikia?"

"Alimfikia, Mama."

"Jeremi hakulia?"

"Hakulia. Alikuwa amempanda shingoni kama Baba."

Mama alikaa juu ya tairi la Sajenti, akajifunika uso kwa kitenge. Sijawahi kumsikia akilia namna ile, hata siku ya habari za Baba. Hakuniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimeliogopa swali hilo zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hakuliuliza.

"Huyo nani analia?" simu ikauliza.

"Ni mama yangu. Mama wa yule mtoto."

"Mpatie simu."

Sajenti alimshikia. Mama hakusalimu hata. Alisema moja kwa moja, kama anayetubu, "Mama, miye ndiye nilifunguaka ile kamba," na akamwambia yote, jerikeni, fundo, meno. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi sikia na yangu. Okot alitaka kuwa fundi ya mbao. Mimi ndiyo nilisema hapana, ingia jeshi, baba yako alikuwa polisi, serikali inalipa hata kama mvua hainyeshi. Mimi ndiyo nilimpeleka kuandikisha, nilibeba hata chakula yake. Sasa tufanye nini? Kila mtu akae na yake ndani ya nyumba?" Kuku mmoja alipiga kelele, akamfukuza kwa Kiacholi. "Kuja Jumamosi. Leta huyo mwenye sauti. Leta na huyo mwenye jina."

"Nilete nini, mama? Maua?"

"Maua ya nini? Leta maji. Mimi kila mwaka naosha hilo jiwe, naomba maji kwa jikoni ya askari kama ombaomba. Ziwa iko hapo hapo, lakini hiyo maji ya ziwa, mimi sitaki iguse jina ya mwanangu."

Mama aliitikia, "Nitaleta," na ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima kuisikia sauti yake ya kawaida.

Leo ni Ijumaa. Niliijaza fomu asubuhi kabla ya shule, kwa wino, bila kufuta. Kwenye mstari wa uhusiano na marehemu, upande wangu niliandika: Alinitoa ziwani. Mama hakukubali nimwandikie, alichukua kalamu mwenyewe, akaandika kwa herufi zake kubwa za kanisani: Nilivaa koti lake. Alikufa na mwanangu. Afande alitaka na yeye aandike, nikampa. Aliandika: Mimi ni jina lake. Nilimwambia kwamba jina la marehemu ni Okot. Akanijibu kwamba hilo ni la kwao, hili ni la kwetu.

Sajenti alifuta mikono yote miwili kwenye kitambaa kabla ya kuipokea. Aliisoma. Nilidhani atasema kwamba langoni hawataelewa, kwamba tungeandika tu ndugu kama alivyotushauri. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Nitaipeleka mwenyewe," alisema. "Na mtu akiuliza, aulize mimi."

Jioni hii nimeketi mlangoni naandika, mwanga bado upo. Nimejaribu kuipima hasara yetu kama mtu mzima, nimeshindwa. Baba yuko ng'ambo, katika kaburi ambalo hatujawahi kuliona. Jeremi hana kaburi wala jiwe. Yule mama wa Kitgum ana jina tu lililochongwa. Hakuna asante itakayomrudisha hata mmoja wao, na kesho tukishasimama pale na kusema tutakayosema, tutarudi Kisugu watatu kama tulivyoondoka. Hilo nalijua. Lakini najua pia kwamba mkono mmoja ulishika mshikio wa jerikeni, na kwa sababu hiyo mimi nina kalamu, na Afande yuko hapo uani anawapanga watoto wa jirani mistari miwili na kuwafokea wanyooshe shingo. Namshukuru Mungu kwa kelele hizo. Namshukuru yule mama wa uji. Nawashukuru hata kuku wa Kitgum.

Mama ametoka bombani. Mwenye bomba alisikia habari, akampisha mbele ya foleni na hakutaka kulipwa. Mama ameisugua jerikeni kwa mchanga nje na ndani, ameisuuza mara tatu, ameijaza maji safi mpaka juu. Ameiweka katikati ya chumba, na kwa muda ameketi akiitazama kamba ya Baba pale kwenye mshikio. Nilidhani ataikata, au ataniambia niifungue.

Ameshika fundo kwa vidole viwili, akalivuta. Akalivuta tena kwa nguvu zaidi.

"Limeshika," amesema, akaenda kupiga pasi nguo za kesho.